Dekio Kando ya Kiti

Harufu ya lile dekio niliisikia kabla sijajua ni ya nini. Duka langu liko chini, darasa la kompyuta liko ghorofa ya juu, na kati yetu kuna ngazi nyembamba ambayo hewa yake hushuka moja kwa moja hadi kwenye kaunta yangu. Mimi nauza kompyuta kuukuu. Nazinunua kwa jumla kutoka kwenye ofisi zinazofungwa, nazifungua, natoa vumbi, makombo ya biskuti na kucha za watu wasio na haya, kisha naziuza zikiwa na akili zao timamu. Kwa hiyo pua yangu si ya kudeka. Nimewahi kufungua kibodi ambayo mende walishaifanya nyumba ya ukoo, nikaendelea na kazi. Lakini harufu ile ilinishinda. Ilikuwa ya maji ya msalani yaliyolala, sabuni iliyochacha na nywele za watu.

Nikadhani bomba limepasuka. Nikapanda huku nimeshayaandaa maneno ya kumpa mwenye nyumba. Bomba lilikuwa zima. Kilichokuwa kinanuka ni dekio la kamba, limetolewa chooni kwao na kusimamishwa katikati ya darasa, kando ya kiti cha mwanafunzi, linadondosha maji ya kijivu sakafuni. Na aliyekaa kwenye kiti kile ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, anaandika kwa mkono mmoja huku mwingine ameziba pua.

Darasa zima linacheka. Mwalimu naye anacheka.

"Mjomba, rudi chini," mpwa wangu akasema bila kugeuka. "Haya ni mambo ya darasani."

Pale juu wanafundisha uhandisi wa programu. Jina kubwa, chumba kidogo: meza zilizotengenezwa kwa milango ya zamani, nyaya zimetambaa chini kama mizizi, ubao mweupe ambao haufutiki tena, na kompyuta ambazo nimewauzia mimi mwenyewe. Wanafunzi ni mchanganyiko. Kuna waliokosa nafasi vyuoni, kuna waliopoteza kazi, na kuna wale ambao wazazi wao wamechoka kuwakuta wamelala saa nne asubuhi.

Mpwa wangu ni wa kundi la waliopoteza kazi. Alikuwa keshia kwenye duka kubwa la vyakula tangu amalize shule. Siku moja akafika akakuta mlango una kufuli na mwenye duka hapatikani, akarudi kwa mama yake na sare yake mkobani. Baada ya miezi michache dada yangu akanijia. "Kaka, mtafutie huyu kitu cha kufanya, la sivyo tutauana humo ndani." Nikakaa na Mwalimu, tukavutana, nikampunguzia bei ya kompyuta naye akampa mpwa wangu kiti. Sikufanya hisani. Kila mmoja alipata alichotaka.

Darasani wakambatiza Risiti. Tangu wiki ya kwanza, mtu akisema "nimeshamaliza," yeye anauliza, "Iko wapi? Nionyeshe." Wakaona anawakagua kama wateja mlangoni. Walimpa jina hilo ili limkere, yeye akalipenda.

Sasa nieleze habari za dekio, maana mtu anaweza kudhani nasimulia vituko vya watoto wa chekechea.

Programu wanayoitengeneza ni moja, mikono ni mingi. Kila mwanafunzi anapika kipande chake kwenye mashine yake, kisha anakiweka mahali pa pamoja, na hapo wamepaita chunguni. Asubuhi kila mtu anachota kilichomo chunguni ndipo aendelee. Ukitia kipande kibovu, wote wanakula ubovu wako, na programu inagoma kufunguka. Hapo mtu mmoja anapiga kelele, "Nani kaharibu?" Wanatafuta. Wakikupata, dekio linaletwa kando ya kiti chako na halitoki mpaka utengeneze ulichoharibu.

"Tajiri, hiyo ni mbinu ya kazi," Mwalimu alinieleza siku ile, tukiwa tumesimama mlangoni. "Nilipokuwa nimeajiriwa, aliyeharibu alivalishwa kofia ya kuchekesha. Inamfundisha mtu kuwajibika."

"Kofia na dekio la chooni ni kitu kimoja?"

"Bajeti, tajiri."

Tena hakuishia kwenye mzaha. Kila dekio lilimshusha mtu alama. Na alama mwaka huu zilikuwa na maana, kwa sababu mimi nilikuwa nimewaletea mteja wa kweli.

Mteja huyo ni Mama Dobi, mwanamke mwenye duka la kufua nguo nyuma ya mtaa wetu, mashine kubwa, mvuke, pasi zisizopoa. Tatizo lake lilikuwa nguo kwenda kwa watu wasiohusika. Kuna bwana alifuata suruali ya kuvaa kwenye usaili wa kazi, akafungua mfuko nyumbani akakuta kaptura ya mtoto. Alirudi nayo mkononi, na maneno aliyoyatoa wafanyakazi wa pale hawajayasahau. Nikamkutanisha Mama Dobi na Mwalimu. Makubaliano yakawa hivi: wanafunzi watamtengenezea programu ya kupokea nguo, kuzipa namba na kumtumia mteja ujumbe zikiwa tayari. Akiridhika, atamwajiri mmoja wao aitunze, na huyo atatajwa na Mwalimu.

Risiti aliitaka kazi hiyo. Alinijia kaunta akasema, "Mjomba, ile nafasi ya Mama Dobi naitaka," akapanda ngazi. Hakuwa na haja ya kunieleza sababu. Mama yake alikuwa ameshampangia safari ya kwenda mji mwingine kulea watoto wa binamu yake, kulala hukohuko, na malipo yake ni kuambiwa ahsante. Mafunzo yakiisha bila kazi, safari ipo.

Dekio la kwanza, lile nililolikuta siku ile, alilipata kwa sababu ya sifuri. Alitia chunguni kipande cha kuandikia namba ya simu ya mteja, na kompyuta ikaichukulia ile namba kama hesabu, ikaitupa sifuri ya mwanzo. Sehemu ya kutuma ujumbe ikachanganyikiwa, programu ikalala. Dekio likaletwa mbio mbio, likaegemezwa kwenye kiti chake, maji yakachuruzika hadi kwenye mkoba uliokuwa chini, yakaingia kwenye kopo la chakula chake cha mchana. Hakulia wala hakugombana. Alikwenda kukimwaga chakula, akarudi akakaa, na kabla ya jioni sifuri ilikuwa imerudi mahali pake.

Halafu akafanya kitu ambacho wenzake hawakukipenda. Alishuka kwangu akaomba sabuni, akalifua lile dekio mpaka maji yakatoka meupe, akalianika dirishani. Likanidondoshea maji kwenye kibao cha duka, lakini kwa mara ya kwanza ngazi ile ilikuwa na hewa ya kuvutika.

Kesho yake likawa limerudishwa kwenye ndoo ya chooni. Aliyelirudisha ni kijana mmoja wa maneno mengi aliyejiita Injinia na kuvaa miwani ya jua ndani ya nyumba.

"Dekio safi litamtisha nani?" alimwambia Risiti mbele ya watu. "Dada, wewe umekuja kusoma au kufanya usafi?"

Wakacheka tena. Wanacheka kirahisi sana pale juu.

Baada ya hapo chungu kikanyamaza. Wiki zikapita sisikii "Nani kaharibu?" ila kwa kosa la Risiti. Mwalimu akashuka dukani kwangu amevimba kama mwenye harusi. "Unaona, tajiri? Darasa limekomaa. Dekio sasa lina mteja mmoja tu, mpwa wako."

Mimi ukimya wa namna hiyo naujua. Muuzaji akikuambia maboksi yote ghalani kwake ni mazima, lakini hataki kufungua hata moja mbele yako, usitoe mkono mfukoni. Nikamngoja Injinia kwenye ngazi.

"Kijana, kazi yako iko chunguni?"

"Iko kwenye mashine yangu, mzee. Inafanya kazi safi kabisa."

"Mbona hujaiweka?"

Akanitazama kama anayemtazama mtu asiyejielewa. "Niiweke niletewe choo kitini? Nitaiweka siku ya mwisho, ikiwa imekamilika."

Nikamuuliza mwingine, jibu lilelile. Kila mmoja alikuwa amekumbatia kipande chake, kinafanya kazi kwenye mashine yake, hakijawahi kukutana na cha jirani. Watu wazima, wengine na ndevu, wanajifunza kujenga kitu kimoja kwa pamoja, na jambo la kwanza walilolijua vizuri ni kufichana. Kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya kukwepa maji ya choo. Na mtu wa kwanza kuwafundisha kufichana ni yule aliyelipwa awafundishe kushirikiana. Nilisikia kinyaa kilichozidi kile cha harufu.

Risiti peke yake aliendelea kutia vipande vidogo vidogo kila siku, na kwa kuwa ndiye pekee aliyetia, ndiye pekee aliyeharibu. Dekio likahamia kwake jumla. Siku nyingine alilikuta kando ya kiti kabla hajafika.

"Na wewe nawe," nilimfokea. "Huwezi kungoja kama wenzako? Kila dekio linakutoa kwenye ile kazi."

"Mjomba, duka la vyakula tulikuwa tunahesabu droo ya pesa kila zamu. Ikipungua, unajua imepungua zamu hii. Nikikosea leo, kosa liko kwenye nilichoandika leo. Nikingoja mpaka mwisho nitalitafuta wapi?"

"Kwa hiyo utanuka mpaka mwisho."

"Nitanuka."

Mkaidi huyu. Kwetu ukaidi ni wa upande wa mama.

Siku moja kabla ya Mama Dobi kuja kuona kazi, wote wakamwaga vipande vyao chunguni kwa pamoja. Nilikuwa chini nafungua mashine nikasikia kelele, kisha kishindo, kisha maji yananidondokea kutoka kwenye dari. Nikapanda. Programu ilikuwa haifunguki hata kidogo. Mmoja alikuwa ametoa namba kwa kila nguo, mwenzake kwa kila mfuko, kwa hiyo mfuko mmoja wa nguo nyingi ulidai una namba nyingi na hauna hata moja. Wa tatu alifunika kipande cha Risiti kwa chake cha zamani, sifuri za simu zikatoweka upya. Ukirekebisha hapa, pale panabomoka. Na kwa kuwa wote wameharibu, kila mtu alikuwa anamsukumia mwenzake dekio, linarushwa juu ya meza, linatema maji ukutani na kwenye kompyuta zangu ambazo zilikuwa hazijalipiwa zote.

Mwalimu alikuwa amekaa, ameshika kichwa.

Aliyevunja ugomvi ni Injinia. "Jamani, mama yule anakuja kutazama, haji kula. Tunaachana na chungu. Natengeneza kurasa tupu, nzuri, zenye rangi, naandikamo wateja wa kubuni. Ukibonyeza popote inakujibu vizuri. Akishakubali, tutatengeneza vya ndani baadaye."

"Chungu cha jana kilikuwa kinafanya kazi," Risiti akasema. "Kila hatua imehifadhiwa, tunaweza kukirudisha. Ni kidogo, lakini kinapokea nguo, kinaipa namba, kinaitafuta."

"Kina sura ya fomu za mahabusu," Injinia akamkata. "Mama atakimbia."

Mwalimu akainua kichwa. Nilimwona macho yakimwenda kwa Injinia, yakaja kwangu, yakatua kwa mpwa wangu. "Risiti, wewe una uso wa kuaminika. Kesho utakaa kwenye kibodi. Unabonyeza unapoambiwa, basi. Na madekio yako nitayasahau. Nitakutaja wewe kwa Mama Dobi."

Maji ya dekio yanadondoka, tunasikia kila tone. Risiti akavuta kiti akaanza kujifunza mahali pa kubonyeza.

"Mwalimu," nikasema, "yule mteja ni wangu."

"Tajiri, kwani wewe mashine zako huzifuti vumbi kabla ya kuuza?"

"Nafuta vumbi. Mbovu siiiti nzima."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaka uondoke. Nikaondoka. Nikashuka, nikachukua simu, nikampigia Mama Dobi. "Dada, kesho usije mikono mitupu. Njoo na furushi la nguo za wateja, kama zilivyoletwa." Akauliza kuna nini. Nikamwambia mnunuzi yeyote ajaribu kwa kitu chake, sikuongeza neno. Nilijua naweza kumharibia mpwa wangu. Lakini mimi nitaendelea kufanya biashara mtaa huu, na Mama Dobi naye yupo mtaa huu.

Kesho yake walipapamba. Dekio likafungiwa kabatini, wakapulizia marashi ya makopo, ikawa kama mtu amemwaga maua chooni. Ilikuwa mbaya zaidi ya awali. Mama Dobi akaingia na furushi begani, akasalimia, akalitua mezani mbele ya Risiti, akalifungua. Jasho la watu wasiojuana likajaa chumbani. Injinia akarudi nyuma hatua.

Mama Dobi akatoa shati. Lilikuwa la fundi magari, jeusi kwa grisi, kwapa zimekauka kama ubao.

"Haya, mwanangu. Mpokee huyu."

Risiti akaandika jina la fundi, akabonyeza. Ukutani, kwenye mwanga wa projekta, pakatokea ukurasa wa buluu wenye mapovu yanayopanda na maandishi makubwa: *Shati lako limefuliwa na kupigwa pasi. Karibu ulichukue.*

Mama Dobi akasoma. Akalinyanyua shati kwa vidole viwili mpaka usawa wa maandishi.

"Hili?"

Kuna aliyecheka akajikuta anacheka peke yake.

"Mama, huo ni mfano tu wa jinsi mfumo utakavyo—" Injinia akaanza.

"Sijauliza mfano. Nauliza hili limefuliwa saa ngapi?" Akatoa soksi, moja imegoma kunyooka. "Iandike na hii."

Risiti akaandika. *Shati lako limefuliwa na kupigwa pasi.*

"Soksi imekuwa shati, tena safi," Mama Dobi akasema. "Kumbe mimi nateseka bure na sabuni." Kisha akaacha utani, akainama karibu na Risiti. "Binti, wewe ndiye uliyekaa kwenye kiti. Inayonidanganya ni mashine au ni wewe?"

Mwalimu akakohoa. Kikohozi kile kila mtu alikielewa: nyamaza, kazi ni yako. Nilimtazama mpwa wangu.

Akatoa mikono kwenye kibodi, akaiweka mapajani. "Ni mimi, mama. Hapo hakuna programu. Ni picha. Ukiandika chochote inasema kimefuliwa."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukakaa."

"Nikakaa. Naitaka kazi yako."

Mama Dobi akafunga furushi lake taratibu, soksi kwanza, shati baadaye. "Umenitazama usoni ukabonyeza," akamwambia, bila ukali, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Alipofika mlangoni akanigeukia. "Kaka, kumbe ndiyo maana."

"Ndiyo maana, dada."

Akashuka.

Mnadhani waliona haya? Mwalimu alisimama, akaenda kabatini, akalitoa dekio, akaliegemeza kando ya kiti cha Risiti. "Aliyeharibu anajulikana," akasema. Na darasa, lililokuwa limeshikwa na baridi dakika ile, likapata nafuu, likacheka. Nimeona watu wakiuza betri zilizokufa kwa wagonjwa wanaotegemea mashine za kupumulia. Nimeona mengi. Lakini kicheko kile bado nikikikumbuka mate yananijaa kama ya mtu anayetaka kutapika.

Risiti alilichukua lile dekio, akalipitisha ngazini, katikati ya duka langu, mbele ya mteja aliyekuwa anapima kipaza sauti, akalitupa kwenye pipa la mtaa. Akarudi kuchukua mkoba na laptopu yake tu. Cheti hakupewa. Aliyetajwa kwa kila aliyeuliza ni Injinia, na nasikia siku hizi ana ofisi yenye zulia.

Nyumbani mama yake alikuwa ameshakunja nguo zake ndani ya begi la safari. Risiti hakugusa begi. Jumatatu akaenda kwa Mama Dobi na laptopu, ndani yake kile chungu cha kabla watu hawajamwaga vipande vyao. Mama Dobi hakutaka hata kukiona.

"Programu sitaki," alimwambia. "Nataka mtu wa mapokezi. Aliyekuwepo ameondoka kwa sababu ya harufu. Kaa hapo mwezi huu upokee nguo kwa mkono. Nikiona hunidanganyi, tutaongea."

"Sawa, mama."

Sawa! Bila kuuliza ujira, bila kuuliza saa, bila hata kukuna kichwa! Aliponisimulia nilitaka kumrudisha kwa mama yake. Mpwa wangu mimi, mtu ninayeishi kwa kuvutana, anakubali neno la kwanza kama mgeni sokoni. Nikavaa viatu nikaenda mwenyewe. Mama Dobi akaniona nakuja akaanza kucheka.

"Nilijua utatokea."

"Ujira wa aliyeondoka, chakula cha mchana, na glovu."

"Glovu za nini? Anaogopa soksi?"

"Haogopi. Ameshakaa na kibaya zaidi ya soksi. Na hiyo laptopu ipate kijimeza pembeni."

"Kijimeza sawa. Laptopu iwe yake, ikiungua sijui."

"Ujira?"

Tukavutana mpaka wateja wakaanza kutusikiliza. Nilipata karibu vyote, isipokuwa chakula ambacho alikitoa kwa siku za mzigo mkubwa tu. Kabla ya kuondoka nikamdokezea na ile safari ya kulea watoto.

Risiti akakaa pale. Alipokea mashuka ya nyumba za wageni ambayo hutaki kujua yamelaliwaje, aproni za mchinjaji, chupi zilizosahauliwa ndani ya suruali, leso zilizogandamana. Alitoa mifukoni meno ya bandia. Jioni, kabla ya kufunga, aliongeza kitu kimoja kwenye ile programu yake yenye sura ya fomu za mahabusu, kutokana na alichokiona siku hiyo: mahali pa kuandika doa lililokuwepo kabla ya kufua, mahali pa kuandika mfuko umekaguliwa. Kimoja tu. Kesho yake anakitumia yeye mwenyewe, akiona kinasumbua anakitoa. Mama Dobi anapita nyuma yake, anachungulia, anarudi kwenye mvuke.

Mwalimu naye alirudi dukani kutafuta kompyuta za kundi jipya. Nikamtajia bei. Akauliza imepanda kwa sababu gani. Nikamwambia naweza kuishusha, lakini dekio lisiingie tena darasani. Akakubali haraka sana, akalipa, akapanda. Haikupita muda ngazi ikaanza kunuka. Nilipopanda nikakuta dekio jipya kabisa, bado lina karatasi ya dukani kwenye mpini, limeshalowekwa. Walikuwa wamelinunua maalumu. Bajeti ilipatikana.

Mwezi wa Mama Dobi ulipokuwa unaishia, nilipita pale kupeleka chaja. Foleni ilikuwa imefika nje, na Risiti alikuwa amesimama nyuma ya kaunta, skrini mbele yake imeganda. Nikasema moyoni, basi, kwisha habari. Nilisubiri aanze kubonyeza bonyeza kama mtu anayefanya kazi. Wengi ndivyo wanavyofanya, hata mafundi wangu.

Akageuka, akapaza sauti juu ya kelele za mashine. "Mama! Nimeiharibu mimi. Nilichoongeza jana kimegombana na mashuka. Mtu asipewe nguo mpaka nikirudishe cha juzi."

Foleni ikanung'unika. Mama Dobi akatoka kwenye mvuke na mikono mibichi, akatazama skrini, akatazama watu.

"Vibandiko vya karatasi viko kwenye mkebe," akasema. "Nipe hivyo, halafu utengeneze." Akaanza kupokea nguo za watu yeye mwenyewe, anatania mmoja mmoja, huku mpwa wangu ameinamia laptopu anakirudisha cha juzi. Nilipomaliza kutafuta soketi ya kupachikia ile chaja, skrini ilikuwa imeamka na foleni inatembea.

Wateja walipopungua Mama Dobi akapangusa mikono kwenye kanga aliyojifunga kiunoni. Hakumtazama Risiti. Alikuwa anakunja foronya.

"Mwambie mama yako amtafutie binamu yake mlezi mwingine," akasema. "Na hizo soksi zitoe hapo kwenye kaunta, mwanangu, zinanuka."